Kebo za Injini ya Boti: Tafuta Mkosaji Kabla ya Kutoa Pesa

Vikundi vingi vya pwani siku hizi vina boti. Wengine ni wavuvi, wengine hubeba abiria au wageni, na wengine wana mashua ya tanga iliyotiwa injini ndogo ya dizeli ili wasikae kutwa wakingoja upepo. Kwetu hapa Utange bahari haiko mbali. Upande mmoja tuna Shanzu na Bamburi, na upande wa kaskazini kuna mkono wa bahari wa Mtwapa. Basi leo tuzungumze juu ya kitu kidogo kwenye boti ambacho watu hukisahau mpaka siku kinapokatika: kebo.

Fikiri mashua inaingia kupakua samaki. Nahodha anavuta mkono wa gia kurudi nyuma ili mashua isimame. Injini inanguruma, lakini mashua inaendelea kwenda mbele. Mbele yake kuna boti nyingine zimefungwa, na kuna watoto wanaoga. Injini ni nzima, giaboksi ni nzima, na mafuta yapo tele. Kilichoharibika ni kebo iliyo kati ya mkono wa nahodha na injini.

Hiyo ni hatari ya kwanza, hatari ya kuumiza watu. Ya pili ni hatari ya mfuko. Gia ikikataa, mara nyingi lawama huenda kwa giaboksi. Kikundi kinachanga, fundi anaitwa, giaboksi inafunguliwa, nayo pengine haikuwa na kosa. Kwa hivyo lishikeni neno hili: usifungue giaboksi kabla hujafungua kebo. Kuijaribu kebo kunahitaji watu wawili, spana chache, tochi, na muda usiozidi saa moja.

KEBO NI KITU GANI?

Kila mmoja wetu amewahi kuona kebo ya breki ya baiskeli. Ndani kuna waya, nje kuna ganda. Ukibana breki, ganda linasimama palepale na waya unatembea ndani yake. Uvumbuzi huu ni wa zamani. Ernest Bowden aliusajili huko Uingereza mwaka 1896, na mpaka leo baiskeli na pikipiki zetu zinautumia.

Kebo ya injini ya boti ni ndugu yake, lakini wana tofauti moja kubwa. Kebo ya breki huvuta tu, na springi ndiyo inayourudisha waya. Kebo ya boti huvuta na pia husukuma. Ndiyo maana waya wake wa ndani ni mgumu. Anayefunga kebo ya pikipiki kwenye gia ya boti anajidanganya: itavuta vizuri, lakini ikitakiwa kusukuma itajikunja tu.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba ganda lazima lishikwe imara pande zote mbili, kwenye mkono na kwenye injini. Klipu inayolishika ikilegea au ikiliwa na kutu, ganda ndilo linalotembea badala ya waya. Hapo nahodha anasukuma mkono mpaka mwisho, na kule kwenye injini hakuna kinachofika. Huenda kebo yenyewe haina ubaya wowote. Kilichokosekana ni klipu moja.

KEBO TATU, KAZI TATU

1. Kebo ya gia. Hii inatoka kwenye mkono wa nahodha mpaka kikono cha giaboksi. Kazi yake ni kuweka mbele, nyutro au nyuma.

2. Kebo ya mafuta. Hii inakwenda mpaka kikono cha pampu ya mafuta. Ndiyo inayoongeza na kupunguza mwendo wa injini.

3. Kebo ya kuzimia. Wageni wa dizeli huishangaa hii. Injini ya petroli hulipua mafuta kwa cheche, kwa hivyo ukikata umeme inazima. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897, haina cheche. Hugandamiza hewa mpaka ikawa moto sana, na mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Ikishawaka, haihitaji umeme ili iendelee. Ili izime, lazima ikatiwe mafuta. Baadhi ya injini hukatiwa mafuta kwa kifaa cha umeme, lakini nyingi ndogo hutumia kebo yenye kitovu cha kuvuta.

Boti nyingine zina mkono mmoja unaofanya kazi ya gia na ya mafuta pamoja. Mwanzo wa kuusukuma unaingiza gia, na ukiendelea unaongeza mafuta. Mkono wa namna hii huwa na kibonyezo cha kutenga gia, ili injini iweze kupashwa moto bila mashua kwenda. Kabla ya kuita fundi, angalieni kwanza kibonyezo hicho. Kikibaki kimetengwa, injini itapiga kelele na mashua haitatoka mahali pake.

JARIBIO LA SEHEMU TATU

Njia nzima ina sehemu tatu tu: mkono wa nahodha, kebo, na injini yenyewe (giaboksi au pampu). Kosa limo katika mojawapo. Mzitenganishe moja moja na mkosaji atajitokeza mwenyewe.

Kwanza kabisa, injini izimwe na ipoe. Ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mikono kwenye injini, si kwa mtu mwingine. Boti ifungwe imara au iwe imepandishwa ufuoni.

Hatua ya 1: Tazama. Mtu mmoja asogeze mkono wa nahodha polepole kutoka mwisho mpaka mwisho. Mwenzake akae kwenye injini na tochi. Je, kikono cha giaboksi kinasogea? Kinafika mwisho pande zote mbili? Ganda la kebo linatulia, au nalo linacheza? Makosa mengi huonekana hapahapa, bila kufungua nati hata moja.

Hatua ya 2: Fungua kebo upande wa injini. Kabla ya kufungua, weka alama. Angalia kebo imeingia tundu gani la kikono, na hesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana, au zipake rangi kidogo. Usipofanya hivyo utapata taabu kurudisha. Sasa sogeza kikono cha giaboksi kwa mkono wako mtupu. Kinatakiwa kiende mbele, nyutro na nyuma, na uhisi kikikaa mahali pake kila mara. Ikiwa gia moja inakataa kuingia, zungusha shafti kidogo kwa mkono kisha ujaribu tena. Kikono kikienda vizuri, giaboksi haina hatia kwa upande huo. Kikiwa kigumu hata bila kebo, hapo sasa mna sababu ya kumwita fundi wa giaboksi.

Hatua ya 3: Sogeza mkono wa nahodha huku kebo ikiwa imefunguliwa upande wa injini. Ukiwa bado mgumu, kosa liko kwenye kebo au kwenye mkono wenyewe.

Hatua ya 4: Fungua na upande wa mkono, kebo ibaki peke yake. Ivute na kuisukuma. Kebo nzima huteleza bila kukwama. Ikikwaruza, ikishika njiani, au ikihitaji nguvu nyingi, imekwisha. Ikiteleza vizuri, rudi kwenye mkono: huenda una chumvi, grisi iliyokauka, au chuma kilichopinda.

Jaribio hili ni hilohilo kwa kebo ya mafuta na ya kuzimia. Badala ya kikono cha giaboksi, mtashika kikono cha pampu.

Mweka hazina wa kikundi naye alijue jaribio hili, hata kama hajawahi kupanda boti. Siku atakapoletewa hesabu ya kufungua giaboksi, atauliza swali moja tu: "Fundi, ulifungua kebo ukajaribu kikono kwa mkono?" Fundi wa kweli hataudhika. Atajibu na kuonyesha.

DALILI NA SABABU ZAKE

Mkono umekuwa mgumu siku hadi siku. Maji ya chumvi yameingia ndani ya ganda na waya umeshika kutu. Angalieni kama ganda limevimba au limepasuka, na kama kuna madoa mekundu ya kutu kwenye ncha.

Gia inaingia, lakini mashua haina nguvu. Huenda kikono cha giaboksi hakifiki mwisho. Dalili hii msiidharau. Gia iliyoingia nusu hufanya sahani za ndani ziteleze na kuungua. Hivi ndivyo kebo ya bei ndogo inavyoua giaboksi ya bei kubwa. Rekebisheni ncha ya kebo mpaka kikono kiende umbali sawa mbele na nyuma kutoka nyutro.

Mbele inaingia, nyuma haiingii. Mara nyingi klipu ya ganda imelegea, au ncha ya kebo imejizungusha na kipimo kimepotea.

Injini inanguruma, mashua haiendi kabisa. Tazama shafti. Ikiwa inazunguka, kosa si la kebo: huenda rafadha imepotea au imezongwa na nyavu. Ikiwa haizunguki, rudini kwenye jaribio letu.

Mwendo unapungua wenyewe nahodha akiachilia mkono. Mtikisiko wa injini unaurudisha mkono. Mikono mingi ina skrubu ya kuikaza. Ikazeni kidogo kidogo, mkono usogee kwa urahisi lakini ukiachwa utulie.

Mwendo hauongezeki kama zamani. Injini ikiwa imezimwa, sukumeni mkono mpaka mwisho na muone kama kikono cha pampu kinagusa skrubu ya kukizuia. Kisipogusa, rekebisheni kebo. Ile skrubu ya pampu iliyotiwa lakiri msiiguse.

Injini inazunguka kwa stata lakini haiwaki. Kabla ya kulaumu pampu au betri, tazameni kebo ya kuzimia. Kitovu kikiwa hakikurudi ndani mpaka mwisho, mafuta bado yamefungwa. Watu wamewahi kufungua mipira ya mafuta kutwa nzima kwa kosa la kitovu kilichokwama.

KUBADILISHA KEBO

Kebo iliyoshika kutu ndani haitibiki. Wengine huimwagia oili, ikalainika siku mbili, kisha ikarudi kuwa ngumu zaidi. Kebo nyingi za siku hizi zimetiwa kilainishi kiwandani na kufungwa. Zinazotakiwa kupakwa grisi ni ncha tu na viungo. Wala msiunge waya uliokatika, wala kulifunga ganda lililopasuka kwa mpira mkihesabu kazi imekwisha.

Mkienda dukani, bebeni kebo ya zamani. Mambo matatu yalingane: urefu, mwendo wa ncha, na nyuzi za skrubu. Kebo za kawaida za boti ndogo zina mwendo wa kama inchi 3. Nyuzi za inchi na nyuzi za milimita zafanana kwa macho, lakini haziingiani. Mkilazimisha mtaziharibu zote mbili.

Wakati wa kuipitisha, msiikunje ghafla. Kona iwe pana. Kwa kebo nyingi za aina hii, mviringo wa kona usiwe mdogo kuliko upana wa inchi 16 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kila kona inaongeza ugumu, kwa hivyo njia yenye kona chache ndiyo bora. Iwekeni mbali na bomba la moshi, kwa sababu joto huyeyusha plastiki. Mkimaliza, rudieni Hatua ya 1 kabla ya kuwasha, kisha jaribuni mbele na nyuma boti ikiwa bado imefungwa.

Ikiwa kebo ya gia na ya mafuta zilifungwa siku moja, nazo zimezeeka pamoja. Ya pili haitakawia. Heri kuzibadilisha zote kwa safari moja ya fundi.

IKIKATIKA BAHARINI

Mpango wa siku hiyo unafanywa nchi kavu, si baharini. Kila baharia aonyeshwe kilipo kikono cha gia, kikono cha mafuta na kikono cha kuzimia, avishike kwa mkono wake mwenyewe mpaka avijue.

1. Msikimbilie injini nyote. Nahodha abaki kwenye usukani. Mtu mmoja tu aende kwenye injini, na mwingine aiweke nanga tayari.

2. Anayekwenda kwenye injini avue kikoi, shuka au nguo yoyote inayoning'inia. Shafti na mkanda havijui nguo na mwili.

3. Mafuta yapunguzwe kwanza, ndipo gia iguswe. Kuingiza gia injini ikiwa na mwendo mkubwa ni kuvunja giaboksi.

4. Kikono cha giaboksi kisogezwe kwa mkono kwa amri ya nahodha. Maneno yawe matatu tu: "Mbele!", "Nyutro!", "Nyuma!" Aliye chini alirudie neno kabla ya kutenda, ili nahodha ajue amesikia. Kelele ya injini ni kubwa.

5. Injini ikikataa kuzima, mtu asukume kikono cha kuzimia kwenye pampu. Kikishindikana, fungeni bomba la mafuta la tangi. Itachukua muda, na kabla ya kuwasha tena mtalazimika kutoa hewa kwenye mipira. Njia ya mwisho ni kuziba njia ya hewa ya injini kwa ubao. Msizibe kwa kiganja wala kwa nguo: mvuto wake ni mkali.

6. Ikiwa maji ni mafupi na upepo unawasukuma kwenye mwamba, tieni nanga kwanza, matengenezo baadaye. Na mwenye tanga asisahau tanga lake. Injini ilikuja kusaidia tanga, haikuja kulifukuza. Tanga na kamba zake zikae tayari kila safari, na majaketi ya kuokolea maisha yavaliwe, yasikaliwe kama mito.

KAZI YA KIKUNDI

Kebo haifi kwa kazi nyingi tu, hufa pia kwa kulala. Miezi ya kusi, kuanzia karibu Aprili mpaka Septemba, bahari huchafuka na boti nyingi ndogo hupumzika. Hapo ndipo chumvi inapofanya kazi yake polepole. Boti ikiwa imelala, mtu ateuliwe wa kusogeza mikono yote mara moja kwa wiki, mbele na nyuma mara kumi. Ncha zioshwe kwa maji matamu, zikaushwe, kisha zipakwe grisi. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai.

Kabla ya msimu kuanza, fanyeni Hatua ya 1 na muandike katika daftari la boti: tarehe, kilichoonekana, na jina la aliyekagua. Tarehe ya kufungwa kebo mpya iandikwe pia.

Wekeni kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya vifaa, mbali na pesa za mafuta. Mkiweza, nunueni kebo moja ya akiba, pamoja na klipu na pini za kufungia ncha. Wavuvi walio katika BMU, zile kamati za fuo zilizowekewa kanuni mwaka 2007, wanaweza kuelewana: boti zenye kebo za urefu mmoja zinunue akiba moja kwa pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika boti yetu, ni nani anayejua kuzima injini bila kutumia kitovu cha kuvuta? Ni nani asiyejua, na atafundishwa lini?

2. Kebo zetu zilifungwa mwaka gani? Kama hakuna anayekumbuka, hilo latuambia nini?

3. Mara ya mwisho tulipolipa fundi, alituonyesha kosa kwa macho, au tuliamini maneno tu?

4. Kebo ikikatika tukiwa tumepakia abiria, nani atashika usukani, nani injini, na nani nanga?

Msiondoke mkutanoni bila kupanga siku ya jaribio. Chagueni siku ambayo maji yametoka na boti iko mchangani. Njooni na spana, tochi, rangi na daftari, na mweka hazina naye aje.